Mtu Hupimwa na Njaa Yake

Mwezi uliopita tulimwosha Ramazani, hapa Kasongo, nyumbani kwa binti yake. Tulikuwa wanne katika chumba cha nyuma, shuka zimetundikwa dirishani, na mimi kwa kuwa ndiye mkongwe nilipewa kichwa na mabega. Alikaribia miaka mia kwa hesabu ya jamaa zake. Miguu ilikuwa imekwisha, tumbo limekwisha, lakini mabega yale yalikuwa bado mapana, na mgongo ulinyooka juu ya ubao bila kusaidiwa. Kijana mmoja aliyekuwa akimwaga maji aliniuliza kwa sauti ya chini, "Babu, huyu muzee alikuwa anafanya kazi gani?" Nikamjibu kwamba alikuwa akifundisha watu kula. Kijana akadhani uzee umenipanda kichwani, akaendelea kumwaga maji. Sikumlaumu. Siku hizi vijana huondoka hapa kwa pikipiki kwenda Salamabila kuchimba dhahabu, na kabla ya kuondoka wengine hupita kwangu kuniuliza wale nini, wabebe nini, walale saa ngapi, ili miili isiwaangushe shimoni. Huwaambia yote ninayoyajua. Wasilolijua ni kwamba kazi hii, ambayo nimeifanya katika makambi na mashule maisha yangu yote, nilijifunza kwa Ramazani katika mwaka mmoja, na kwamba aliyeumia kwa kujifunza kwangu alikuwa mtu mwingine.

Sitaanza na baba na babu, hayo watoto wangu wanayajua. Naanza nyuma ya dispansari ya Kasongo, mwaka mmoja wa vita vya Wazungu, nikiwa na umri wa miaka ishirini hivi, kifua wazi, nimesimama katika mstari mrefu wa wanaume. Kampuni ya dhahabu ya upande wa Salamabila ilitaka watu, na kila chifu alikuwa ameamriwa kutoa wake. Homa ilikuwa imenikalia mwaka mzima uliotangulia, nikabaki shingo na magoti. Muuguzi alinizungushia utepe kifuani, akanipandisha kwenye mizani, akasoma kilo arobaini na tatu kwa sauti ya kusikika na wote, kisha akachovya kijiti katika dawa ya buluu akanichora mstari tumboni. Waliofaa walichorwa begani. Wakati wa amani sisi wa mstari wa tumboni tungerudishwa nyumbani siku ileile, lakini mwaka ule watu hawakutosha. Tulitengwa, watu ishirini na wawili, tukatembezwa kwa miguu siku saba, tukaingizwa mahali ambapo wachimbaji wenyewe walipaita Kambi ya Mifupa. Sheria yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Utalishwa, utafanyishwa mazoezi, utapimwa mara tatu. Ukifika kilo hamsini unaingia shimoni. Ukishindwa mara zote tatu unarudishwa kwenu, na chifu anatoa mtu mwingine wa nyumba yako badala yako.

Banda letu lilikuwa refu, la udongo, vitanda vya mianzi pande zote mbili, na ardhi iliyopigwa maji kila asubuhi ili vumbi lisiinuke. Nyuma yake palikuwa na jiko, yaani mapipa matatu yaliyokatwa nusu na kutegeshwa juu ya mawe, na msimamizi wake alikuwa Mama Zaina, mke wa Ramazani, mwanamke mfupi asiyependa kuulizwa chakula kitaiva lini. Kati ya jiko na banda kilisimama kibanda cha mizani, mlango una kufuli, maana mizani ile ilitunzwa kuliko sisi. Ufunguo alikuwa nao Mbelgiji mmoja, msimamizi wa afya, ambaye sote tulimwita Bwana Mizani. Hakuwa mkali, na sikumwona akimpiga mtu hata siku moja. Ila macho yake yalikaa kwenye sindano ya mizani, hayakupanda juu zaidi ya hapo, na nadhani angekutana nasi barabarani tumevaa kanzu asingemtambua hata mmoja. Ramazani ndiye aliyekuwa kapita wetu, yaani mnyapara. Alikuwa mpiga kasia wa Nyangwe, aliyekulia juu ya Lualaba akivusha watu na mizigo, na alichukuliwa kambini kwa sababu alijua kuwafanya watu wengi wavute kwa pumzi moja.

Wiki za kwanza nilikula kama nilivyozoea, haraka, mgongo umegusa ukuta, sahani nimeibana kwa magoti. Kisha tumbo linauma, kisha njaa inarudi. Mchana mmoja nilikuwa nimejilaza kivulini nyuma ya jiko, nikawasikia Mama Zaina na mumewe wakinisema, wala hawakujua kwamba nipo. "Ule Assani anakulaka sana," Mama Zaina alisema. "Sasa chakula inaenda wapi?" Ramazani akajibu, "Anakula na woga. Mutu mwenye woga anameza, hatafune. Tena nyama yake anaitoa." "Anaitoa kwa nani?" "Kwa Warega, anatwaa muhogo yao. Wote wa Kasongo wanafanya vile." Nilitamani ardhi inimeze. Ni kweli, kila Jumamosi ililetwa nyama ya nyati au ya kiboko, iliyopigwa risasi na mwindaji wa kambi, na hakuna aliyeitajia jina la Mungu. Sisi tuliolelewa karibu na msikiti hatukuweza kuitia mdomoni. Tulikuwa tukibadilishana kimyakimya na watu wa msituni, wao wanakula nyama yetu, sisi tunakula muhogo wao, na kila upande ukidhani umemzidi mwenzake akili. Bwana Mizani aliandika katika daftari lake kwamba Waislamu ni wavivu wa mwili, maana wanakula sawa na wengine lakini hawaongezeki. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza.

Jioni ile Ramazani aliniita nikae mbele yake na sahani yangu. "Tafuna," akasema. "Usimeze mpaka nikuambie." Nilitafuna mpaka taya zikauma, wenzangu wananicheka, naye ananitazama bila kucheka. Siku ya pili alikwenda kwa Bwana Mizani, na sijui alimwambia nini, lakini Jumamosi iliyofuata sisi tusiokula nyama ya mwindaji tulipewa badala yake karanga, maharagwe na ndakala, wale samaki wadogo wakavu wanaotoka ziwani Tanganyika. Mama Zaina alianza kusaga karanga na kuzitia ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, na mawese akiyaongeza mwishoni, sufuria ikishateremshwa, ili yasipoteze ladha. Asubuhi tulikunywa uji wa mahindi wenye karanga. "Muhogo inajaza tumbo," Ramazani alizoea kusema, "lakini haijenge mutu." Leo katika kituo cha afya kuna picha ukutani yenye mafungu matatu ya vyakula, kila fungu na rangi yake, na wauguzi vijana wanawasomea akina mama wajawazito. Kila nikipita pale namkumbuka Mama Zaina na jiwe lake la kusagia, maana hakuwahi kuona picha ile na aliyajua yote.

Mazoezi yalikuwa ya mpiga kasia. Tulikaa chini katika safu, miguu imenyooshwa, kila mmoja ameshika kamba iliyofungwa kwenye gogo nyuma ya mti, na Ramazani akihesabu tulivuta pamoja kwa mgongo, tukarudisha pamoja, tukavuta tena. Aliyevuta kwa mikono peke yake alifukuzwa kwenye safu akakae. Alisema mikono ni watoto, wazazi wao ni mgongo na matako, na mtu anayetumwa kazi na watoto hafiki mbali. Baada ya kamba tulichuchumaa na jiwe kifuani, tukainuka, mara kumi siku za kwanza, mara hamsini baadaye. Kisha tulipanda kilima na ndoo za maji, na kushuka, maana yeye alisema kushuka ndiko kunakovunja watu. Kila siku ya tatu alitulaza tupumzike. Bwana Mizani aliona ni uvivu, lakini Ramazani alisimama kwenye mlango wa banda akasema, "Bwana, nyama ya mwili inaota wakati wa kulala." Yule Mzungu akatazama sindano yake, akakuta inapanda, akatuacha tulale.

Mwezi wa nne shati nililokuja nalo lilipasuka mgongoni nilipoinama kuchukua ndoo. Naona aibu kueleza jinsi nilivyofurahi. Nililipeleka kwa Mama Zaina alitie kiraka, naye akanizungusha akanitazama pande zote, akasema, "Heee, mifupa imepata nguo." Nilipopimwa nilifika kilo hamsini na mbili. Nilitarajia kutumwa shimoni, lakini wakati ule ilikuwa imeletwa mifupa mingine kutoka Kasongo na Kabambare, Ramazani akaomba msaidizi, na Bwana Mizani akanipa filimbi ya bati yenye kamba. Kijana aliyekuwa akichekwa kwenye mizani sasa anapuliza, watu wanachuchumaa. Nilitembea kambini kifua mbele. Nilijifunza kukadiria kilo za mtu kwa kumtazama shingo na mapaja, na mara nyingi nilipatia. Waliponiita mwalimu sikukataa. Nilijipenda mno mwaka ule, na ndilo jambo la kwanza ninaloomba nisamehewe.

Ramazani alikuwa na desturi moja ambayo hakuibadilisha kwa ajili ya mtu yeyote. Sisi tulipimwa saa kumi alasiri, kabla ya chakula cha jioni, matumbo yakiwa matupu. Makapita wengine waliwapima watu wao baada ya mlo, na watu wao walifaulu haraka zaidi. Nilimwuliza kwa nini anatuchelewesha. "Mutu anapimwa na njaa yake," akaniambia. "Kilo yenye inabaki saa ya njaa, ile ndiyo yake. Ingine yote ni ya sufuria." Nililielewa vizuri neno lile. Nasema hivi ili mtu asije akanitetea kwamba nilikuwa sijui.

Katika mifupa mipya alikuwamo Kalonda, mkulima kutoka upande wa Lusangi, rika langu, Mbangubangu kwa kabila, mwenye sauti nzito katika kifua chembamba. Alikuwa Mwislamu wa kijijini, hajui kusoma, lakini hakukosa swala. Alifanya kila nilichomwambia. Nikisema kumi na tano, anafanya kumi na sita. Alikula kwa utaratibu, anatafuna macho yameelekea chini, na akimaliza anasema Alhamdulillahi kwa sauti inayosikika mpaka jikoni, mpaka Mama Zaina akawa anamwekea ukoko wa sufuria. Lakini alikuwa na kikohozi kilichokuja na kuondoka, na kilo zilikuja na kuondoka pamoja nacho. Alipimwa mara ya kwanza akashindwa, mara ya pili akashindwa. Ramazani alisema tusimpime mara ya tatu mpaka kikohozi kikae nje mwezi mzima. Kalonda aliposikia hivyo alinifuata kwenye kisima, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa, akaniambia, "Yaya Assani, mwezi ikipita Bwana Mizani atasema nimekataa kazi. Atanirudisha. Nikirudi, chifu atatwaa Sumaili, mudogo yangu. Iko na miaka kumi na saba tu. Unisaidie."

Mwezi wa Ramadhani ukaandama. Ramazani aliwakusanya watu wake akawaambia kwamba wagonjwa na wembamba wasifunge, watalipa siku nyingine wakipona. "Mungu si Bwana Mizani," alisema, "hahesabu sawa yeye." Wazee wachache walicheka wakakubali. Vijana waliona haya kuonekana wanakula mchana, wakafunga wote, Kalonda wa kwanza. Siku ya sita Ramazani alitumwa Nyangwe kununulia kambi samaki wakavu, safari ya wiki mbili na zaidi kwenda na kurudi. Aliniachia watu kumi na mmoja na maneno mafupi. "Usipime mutu. Uwalishe, uwapumzishe, ungoje nirudi." Nikasema ndiyo, Baba.

Siku mbili baadaye Bwana Mizani alikuja akasema shimo la tatu limepungukiwa, anataka watu wangu wapimwe wiki hiyohiyo. Ningeweza kumwambia amngoje Ramazani. Badala yake nilianza kufikiri. Kwa watu waliofunga, saa kumi alasiri ndiyo saa wanapokuwa wepesi kabisa, na watu wangu wote wangeshindwa, na filimbi ingepewa mwingine. Lakini alfajiri, baada ya daku, hapo ndipo mtu anayefunga anapokuwa mzito kuliko wakati wowote wa siku, kwa kuwa ameshiba akijua hatakula tena mpaka jua lizame. Nikamwambia Bwana Mizani kwamba kwa ajili ya joto ingefaa tupime asubuhi na mapema. Alifurahi, hata yeye hakupenda jua. Usiku ule nilimwomba Mama Zaina apike uji mwingi, na viazi vitamu, na atie chumvi zaidi. Aliniuliza, "Ramazani anajua?" Nikamwambia anajua. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini siku ile niliiona ndefu na imenyooka.

Walikula daku mpaka wakashindwa kuinuka. Kisha niliwapa maji, bakuli moja, la pili, la tatu. Kalonda nilimkalia mwenyewe. "Yaya, tumbo itapasuka," akasema, anacheka, machozi yanamtoka. "Kunywa," nikamwambia, "ni ju ya Sumaili." Akanywa. Adhana iliposomwa tulikuwa tayari tumepanga mstari mbele ya kibanda, na Bwana Mizani akaja na taa yake na daftari. Watu kumi kati ya kumi na mmoja walipita. Kalonda alisimama juu ya mizani akibana pumzi, sindano ikatetemeka, ikakaa kwenye kilo hamsini na nusu. Aliposhuka alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Bwana Mizani, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliinua macho akanitazama usoni, akasema mwalimu mzuri. Saa nne asubuhi watu wangu walikuwa shimoni.

Ramazani alirudi mapema kuliko tulivyotarajia, amepata lori la kampuni kwenda na kurudi, siku ya nne baada ya kupima, jioni tunafuturu. Alitua mzigo wa samaki, akalitazama banda, akaviona vitanda vitupu. Hakuuliza wako wapi. Aliuliza, "Walipimwa saa ngapi?" Mama Zaina ndiye aliyejibu, "Alfajiri, kisha daku," na alipoona uso wa mumewe akaelewa kwamba nilimdanganya, akaingia ndani akafunga mlango. Ramazani alikaa chini karibu nami. Nilingoja anipige, ningefurahi kama angenipiga. "Assani," akasema, "ulipima watu ao ulipima maji?" Kisha akaniambia niende kwa Bwana Mizani wakati uleule, nimwambie mwenyewe nilivyofanya, ili Kalonda na wenzake watolewe. Alisema akienda yeye, itaonekana ni ugomvi wa makapita. Niende mimi. Nikamwambia giza limeingia, Bwana yuko mezani, nitakwenda asubuhi. Akasema, "Asubuhi basi."

Asubuhi nilifika nyumbani kwa Bwana Mizani nikaambiwa amekwenda shimo la mbali, atarudi mchana. Nikangoja barazani. Ningeweza kwenda shimo la tatu kumtoa Kalonda mwenyewe kwa mkono, ni mwendo wa nusu saa. Sikwenda. Nilikuwa bado natafuta maneno yatakayonipunguzia aibu. Karibu na adhuhuri walikuja watu wawili wenye machela ya magunia, na juu yake Kalonda. Alikuwa amebeba kikapu cha mawe juu ya ngazi, mfungo wake wa kumi na nne, akaachia mikono akaanguka, wala hakuinuka tena. Waliokuwa nyuma yake walisema hakupiga kelele. Walimlaza kivulini kwenye baraza ileile niliyokuwa nimekaa, na nilipomgusa mapaja niliujua uzito wake mara moja, kama nilivyokuwa nikijisifu. Hakufika kilo arobaini na nane. Bwana Mizani aliporudi nilimweleza yote mbele ya maiti, maji, daku, kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua daftari akaandika kwamba sababu ni moyo, akasema mizani yake haikosei.

Tulimzika siku ileile. Ramazani alisema habari ipelekwe kwa mamake na mtu aliyemjua, na sote wawili tulijua ni nani. Nilitembea siku mbili mpaka kijiji kile cha upande wa Lusangi, nimefunga, ingawa msafiri ameruhusiwa kula. Mamake Kalonda alikuwa akianika mihogo. Habari za kifo hutangulia miguu ya mtu, sijui kwa njia gani, maana aliponiona tu alivua kilemba akakaa chini. Wanawake walikuja, wakalia, wakanyamaza, wakalia tena. Jua lilipozama mama yule aliinuka mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaniletea maji ya kunawa, ugali na sombe. Akaketi mbele yangu, mtoto wake mdogo Sumaili amesimama nyuma yake. Huyo Sumaili bado yu hai, na mwaka jana alinitumia gunia la karanga.

"Siku ile," mama akaniuliza, "alikuwa amekula kitu gani?"

Katika maswali yote duniani, hilo ndilo nililoweza kulijibu vizuri kuliko mtu yeyote. Nikamwambia siku ile ya kifo sikumwona akila daku. Akauliza, siku ya mizani je? Nikamtajia uji wa mahindi, viazi vitamu, na maji. "Alishiba?" Nikasema alishiba sana. Uso wake ukalegea kidogo. "Mungu ashukuriwe," akasema. "Nilikuwa naogopa mutoto yangu alikufa na njaa ya kambi. Na weye ndiye ulikuwa unamulisha? Alituma salamu, alisema iko na mwalimu muzuri." Hapo ningeweza kuacha. Mama alikuwa amepata faraja yake, mimi nilikuwa nimepata sifa, na ugali ulikuwa ukipoa. Mpaka leo, nikiwa na wajukuu, huwa nashtuka nikikumbuka jinsi nilivyokaribia kunyamaza. Nilisogeza sahani mbali nikamwambia, "Mama, nilimushibisha ili kudanganya mizani. Nilijua mwili yake haiko tayari. Kapita yangu alinikataza. Nikamunywesha maji."

Hakulia. Aliniomba nirudie, polepole, nami nikarudia. Wanawake waliokuwa wameketi ukutani waliinuka mmoja mmoja wakatoka. Mama Kalonda aliwaacha waende. Kisha akamshika Sumaili mkono, akamvuta mbele yangu, akamvua shati. "Leo asubui mujumbe wa chifu alikuya," akasema. "Nafasi ya Kalonda iko wazi, ni huyu wanatwaa. Sasa weye, mwalimu, muangalie. Muangalie muzuri. Iko tayari?"

Nilimtazama. Shingo, mabega, mbavu, mapaja. Nilisikia kifua chake kikifanya kazi, kile kikohozi cha nyumba ile. Nikasema, "Hapana, mama. Bado."

"Basi ukaseme vile kule," akaniambia. "Mbele ya ule Muzungu. Usiseme hapa kwangu tu." Akanirudishia sahani, akaondoka. Nilikula kwa sababu yeye alikuwa amepika, na nilitafuna kila tonge.

Siku ya nne mimi na Sumaili tuliingia kambini pamoja. Tulifika saa kumi alasiri, hatujala, na Bwana Mizani alikuwa katika kibanda chake. Alimpandisha Sumaili moja kwa moja. Sindano ikakaa kwenye arobaini na tisa. Bwana Mizani alichungulia daftari, shimo la tatu lilikuwa bado limepungukiwa, akachukua kijiti cha dawa ya buluu akamchora begani. Kilo moja si kitu, alisema, aingie kesho. Ramazani alikuwa mlangoni nyuma yangu, nikamsikia akivuta pumzi. Aliniachia mimi niseme.

"Bado, Bwana," nikasema.

Alidhani hakusikia. Nikarudia. Nikamwambia huyu ni mdogo wake Kalonda, kifua chake ni kilekile, anataka miezi mitano ya karanga na kulala. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza, "Wewe iko daktari?" Nikasema hapana. Akasema kama sitaki kazi ya filimbi kuna kazi ya kikapu, niende mimi shimoni kujaza nafasi ile. Nikasema ndiyo, Bwana, nitakwenda mimi. Kisha nikamshika Sumaili kiunoni kwa mikono miwili, nikamshusha kutoka juu ya mizani.